Mbwa Aitwaye Mwenyewe

Nianze kwa kusema nimechoka, mtu asije akaniuliza mbona naongea hivi. Nafua mashuka ya hospitali. Kila siku ya Mungu nasimama mbele ya mashine inayonguruma, natoa mashuka yenye mambo ambayo sitayataja, huenda unakula, nayapiga pasi, nayakunja, napanga. Jioni miguu imevimba hata viatu vinagoma kutoka. Halafu badala ya kwenda nyumbani kama binadamu wengine, nakata mitaa kumpelekea kaka yangu chakula nje ya duka la magodoro.

Ndiyo, duka la magodoro. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza kwetu, tumbo moja, alikuwa analala barazani kwenye saruji, na nyuma ya kioo magodoro yamepangwa mpaka darini. Nilimuuliza kwa nini, mji wote huu, achague hapo kama si kujitafutia uchungu. Akacheka.

"Duka hili lina baraza pana," alisema. "Halafu siku mwenye duka akinihurumia, sina mbali pa kwenda."

Zamani alikuwa fundi wa makochi, na si fundi wa kubabaisha. Mke wake alipougua aliuza cherehani, akauza meza ya kukatia, mwisho akauza kibanda chenyewe, na wifi yangu akafa vilevile. Kaka akashika chupa. Akaja kwetu. Sisi tuna chumba kimoja na pazia katikati: huku mimi na mume wangu, kule watoto watatu na mama mkwe anayekoroma. Kaka alilala mlangoni, ukitaka kwenda msalani unamruka. Mume wangu hakusema neno, lakini alianza kuguna, ule mguno wa mtu mwenye neno kooni. Kaka si mtoto. Asubuhi moja alikunja shuka lake, akaaga vizuri, hakurudi tena kulala.

Hayo nilimeza. Lakini mbwa! Mtu hana pa kulaza ubavu, anafuga mbwa. Niambie kama umewahi kusikia.

Alimkuta ndani ya boksi mlangoni pa duka, kitoto kisichofungua macho vizuri, rangi ya maji ya mtaro, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilipofika na bakuli langu la chakula, kaka alikuwa amemtia kifuani ndani ya koti.

"Anaitwa Mwenyewe," akaniambia.

"Anaitwa nani?"

"Mwenyewe. Kila anayepita ananiuliza, 'Huyu mbwa, mwenyewe nani?' Nikaona basi, jina ameshapewa na wananchi."

"Jina gani hilo kaka? Watu wanaita mbwa wao Simba."

"Simba ni mnyama mwingine," akasema, hata hacheki.

Tangu siku hiyo chakula changu kikawa kinagawanywa nusu kwa nusu kama mirathi, na ukiangalia sana, nusu ya mbwa ndiyo ilikuwa na nyama. Mbwa akanenepa. Kaka yangu, ukimtazama akivua shati, mbavu zote hizo hapo. Nilisema mpaka mdomo ukanikauka. Nilimwambia, kaka, hata vitabu vyote vya dini vinasema mtu kwanza. Akaniuliza ni ukurasa wa ngapi.

Siku moja nikiwa pale alipita mama mmoja wa heshima zake, mwavuli mkononi, marashi yanatangulia. Akasimama, akamtazama mbwa, akasikitika.

"Hii ni dhambi," alimwambia kaka. "Mnyama naye ana roho. Wewe umeshindwa kujilisha, kwa nini umtese na huyu? Nipe mimi nimtafutie nyumba."

"Ahsante mama," kaka akajibu kwa adabu zote. "Hiyo nyumba ina nafasi ya wawili?"

Mama akakunja uso. Akaanza kusema kuhusu watu wanaotumia wanyama kuombea huruma. Sasa mimi, ambaye kila neno la yule mama nilikuwa nimeshalisema tena kwa ukali zaidi, sijui nini kilinipanda. Nilisimama na miguu yangu mibovu nikamwambia aende zake, mbwa ni wa kwetu, hajaja kwake kuomba hata maji. Kumsema kaka yangu ni kazi yangu mimi. Mpita njia hajanisaidia kumlea.

Na haki lazima niiseme hata kama inaniuma. Tangu mbwa yule aje, kaka aliacha chupa. Hakuapa, hakutangaza, aliacha tu. Nilipomuuliza alisema, "Nikilewa nani atamwangalia?" Wale vijana waliokuwa wanamvua viatu akilala nao wakakoma, maana Mwenyewe alikuwa na meno na hakuwa mchoyo nayo. Halafu kuna hili ambalo nililiona kwa macho yangu: watu walikuwa wanampita kaka kama nguzo ya taa. Alipopata mbwa wakaanza kusimama. Wanamsalimia mbwa, wanamkuna kichwa, halafu wanaona aibu, wanamsalimia na kaka.

Lakini kifua. Kaka alianza kukohoa msimu wa baridi na hakuacha. Nilimvuta kwa nguvu mpaka hospitalini kwetu, mbwa akangoja getini kama dereva. Daktari hakunificha. Alisema kifua kile kikikutwa na mvua nje, na mvua ziko njiani, nisitegemee kumwona kaka zikiisha.

Tangu hapo sikulala. Nyuma ya hospitali kuna nyumba ya hifadhi, ya watu wagonjwa wasio na pa kukaa, na mashuka yao tunafua sisi. Muuguzi mkuu wa pale nilimganda kama kupe. Kila nikimkabidhi mashuka, namkumbusha kaka yangu. Akija, kaka yangu. Akiondoka, kaka yangu. Mwisho mwanamke wa watu alichoka.

"Kitanda kimeachwa wazi," aliniambia Jumatatu. "Nitakushikia mpaka Ijumaa. Ila nasikia ana mbwa. Mbwa hapana, dada. Humu mna watu wenye vidonda. Si roho mbaya."

Nilikwenda kwa kaka karibu nakimbia. Nikamweleza: kitanda, dawa, chakula mara tatu, bafu la maji ya moto. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na Mwenyewe?"

"Mwenyewe si wewe?" nikasema, halafu nikaelewa. Moyo ukaniteremka mpaka kwenye soli. "Kaka, mbwa hawamtaki."

"Basi na mimi hawanitaki." Alisema polepole, kama anayenifundisha. "Huyu akiwa hai mdogo wangu, popote alipo nitamfuata. Nimwache hapa nimwambie nini?"

"Ni mbwa! Mbwa haambiwi kitu!" Nilipiga kelele mpaka watu wa upande wa pili wakasimama. "Ukifa mimi nimzike nani? Nibaki nimeshika mkia?"

"Usinifokee mbele yake," alisema kaka.

Loh! Niliokota bakuli langu nikaondoka. Njia nzima nililia waziwazi, na watu wakanipisha. Nyumbani nilimwomba mume wangu tumchukue mbwa sisi, angalau msimu huu upite.

"Mwenye nyumba anakataza hata kuku," alisema. "Tukifukuzwa, sote sita na mbwa wake twende barazani kwa shemeji?" Hakuwa na kosa. Ndicho kilichonichosha zaidi, kwamba kila niliyegombana naye hakuwa na kosa.

Wiki hiyohiyo gari la manispaa likaanza kupita na kipaza sauti. Mtoto mmoja alikuwa ameng'atwa mtaa wa jirani, basi kila mbwa atakayekutwa bila mwenyewe atakamatwa. Kaka hakushtuka. Alikuwa amemfundisha mbwa wake kujificha nyuma ya maboksi, pembeni ya ngazi. Akimwambia "lala," analala, na hatoki hata upitishe mfupa puani. Anatoka kwa kitu kimoja tu: kuitwa jina. Nilishuhudia. Nilisema moyoni, wanangu wangekuwa hivi ningekuwa mtu mnene.

Jumatano nilifika pale kaka amekwenda kituo cha mafuta kujaza maji. Mbwa yuko nyuma ya maboksi, kimya. Sijatua bakuli, gari likasimama. Wakashuka watu watatu wenye fimbo ndefu za kitanzi, na mkubwa wao, mwenye kofia, akanijia.

"Mama, hapa pana mbwa. Tumeambiwa."

Nimesema mambo mengi juu ya mbwa yule. Nilishamwombea hata agongwe. Lakini mdomo wangu ulijibu wenyewe: "Mbwa gani? Hapa hakuna mbwa, baba."

Akatazama maboksi, akatazama vijana wake. Ni mtu aliyezoea kuita watu sokoni, maana alivuta pumzi, akapaza sauti mtaa mzima:

"Mwenyewe! Mwenyewe yuko wapi? Mwenyewe, jitokeze!"

Na Mwenyewe akajitokeza. Alitoka nyuma ya maboksi mkia unapepea, furaha tupu, akakaa mbele ya buti za yule bwana, akamwangalia usoni kungoja alichoitiwa.

"Kumbe hakuna mbwa," alisema mwenye kofia.

"Bwana, umemwita jina lake! Huyo ndiye Mwenyewe!"

"Mama, usinitanie niko kazini."

Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo vijana walivyozidi kucheka. Hata sasa nikisimulia watu wanacheka, na mimi nawaacha wacheke. Kitanzi kiliingia shingoni bila taabu yoyote, mbwa mwenyewe alinyoosha shingo. Mlango wa gari ukafungwa, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Kaka alikuwa anatokea kwenye kona na dumu lake. Alikisikia kile kilio. Dumu likaanguka, akakimbia. Sikuwahi kumwona anakimbia tangu tukiwa watoto, na kwa kifua kile alikwenda mbali kuliko nilivyodhani, gari mbele yeye nyuma, mpaka akakaa chini katikati ya barabara akikohoa na magari yakimzunguka kwa honi. Nilimrudisha nimemshika kiuno. Hakuniuliza ilikuwaje. Nilimweleza hata hivyo, yote, na nilipofika mahali pa jina uso wake ulikunjamana kama wa mtoto.

Kesho yake alitembea mpaka banda la manispaa huko mwisho wa mji. Hawakumruhusu hata kuchungulia. Walimuuliza anakaa wapi, akajibu kweli, nje ya duka la magodoro. Wakamwambia mbwa anatolewa kwa mtu mwenye makazi yanayojulikana, na asipopatikana, wao hawafugi.

"Mungu amekujibu," mume wangu aliniambia usiku. "Kilichomzuia hakipo. Sasa usiharibu." Na kweli kabisa, kuna sehemu yangu ilikuwa imeshusha pumzi. Niliona kitanda. Niliona mvua inanyesha na kaka yuko chini ya bati.

Ijumaa asubuhi aliniambia tu, "Haya, nipeleke." Alikunja maboksi yake vizuri, akayasimamisha ukutani, labda mwingine atayahitaji. Kule hifadhi walimwogesha, wakampa nguo safi. Kitandani palikuwa na shuka nililolikunja kwa mkono wangu. Alibonyeza godoro kwa kiganja, ufundi haumtoki mtu, akasema sponji hii ya kupunja, itabonyea kabla ya mwaka. Nilicheka kupita kiasi. Nilidhani tumevuka.

Alipolala alinishika mkono.

"Mdogo wangu, nenda bandani uniulizie. Nataka kujua tu kama ameshachomwa ile sindano ya kuulia. Najua ameshachomwa, lakini nataka mtu wa kwetu aulize. Halafu uje uniambie. Mlinzi wa getini nimeshamwambia utaleta habari."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda, nikiwa nimejiandaa kurudi na msiba. Banda linanuka dawa na mkojo, mbwa wote wanabweka kwa pamoja, huwezi kusikia mawazo yako. Mtumishi wa pale aliniambia waliokamatwa Jumatano zamu yao ya sindano ni kesho asubuhi. Nilipita kwenye vyumba vya waya mpaka mwisho. Alikuwa kwenye kona, amegeukia ukuta, chakula hajakigusa, sikio lile la kusimama nalo limelala. Ule unene wote wa nyama zangu umeisha.

"Mwenyewe," nikasema.

"Ndiyo, tunamtaka mwenyewe," mtumishi akadakia nyuma yangu. "Ni wewe?"

Mbwa alishageuka. Alikuja mpaka kwenye waya, akabandika pua yake kwenye kiganja changu chenye harufu ya sabuni ya hospitali, akatetemeka mwili mzima. Sasa ningefanya nini? Nilikuwa nimetumwa kuulizia. Nikasema ni mimi, nikataja mtaa wangu na nyumba yangu, na mwenye nyumba wangu na kuku wake nikawaweka pembeni. Wakanipa mbwa na kipande cha kamba.

Nilirudi nikicheka peke yangu barabarani, mtu mzima, kamba mkononi. Sikufikiria kitu kingine ila uso wa kaka nikimwambia. Nilipanga hata maneno. Wingu lilikuwa limefunga, upepo unapeperusha mifuko, nikaharakisha. Tulipofika getini matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati.

Mlinzi ni mzee mpole, koti lake kubwa kuliko yeye. Alitazama kamba, akafuata kamba kwa macho mpaka mwisho wake.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye, mzee. Yuko hai."

"Alhamdulillahi." Kisha akapunguza sauti. "Kaka yako wamempa dawa, amelala. Muuguzi anasema amelala kama mtu aliyekuwa anadaiwa usingizi. Nimwite?"

Nikafungua mdomo kusema mwite. Hapohapo ndani kaka akakohoa, kile kikohozi cha chini, kirefu, kinachokwangua, na mbwa akakijua. Sikio likasimama. Akajivuta kwenye kamba kuelekea dirishani, kifua kikajaa, na mimi nikaona yote kwa mara moja: mbwa atabweka, kaka ataamka, atatoka na nguo zile nyepesi za hifadhi, ataingia kwenye mvua hii akicheka, na hakuna nitakachosema kitakachomrudisha ndani. Alishaniambia. "Huyu akiwa hai, nitamfuata."

Nilipiga magoti kwenye matope nikamkamata mdomo kwa mikono yote miwili. "Nyamaza," nilimwomba. "Nyamaza, baba, nakuomba, nyamaza." Alikuwa ananitazama bila hasira, anashangaa tu, na sauti aliyotaka kuitoa niliisikia inatetemeka ndani ya viganja vyangu. Nikambana zaidi. Nilikuwa nalia hivyohivyo. Kikohozi kikaendelea kidogo, kikapungua, kikakoma.

Mvua sasa ilikuwa imeshuka yenyewe. Mzee mlinzi alinisogezea mwavuli wake uliovunjika vyuma, akasimama juu yetu. Baadaye akauliza, kwa sababu alikuwa lazima aulize:

"Akiamka ataniuliza habari. Nimwambie nini?"

 Nilitafuta jibu, nikapata moja tu.

"Mwambie dada yake bado hajarudi."

Nikampakata mbwa, mdomo wake bado mkononi mwangu, nikaondoka naye. Mzito yule mbwa, jamani, hata alivyokonda. Nilimbeba mpaka kona ya pili, mahali ambapo hata akibweka hasikiki, ndipo nikamwachia mdomo. Hakubweka.